Doa Jekundu kwenye Picha ya Ubongo

Ukitaka hoja yako ikubalike haraka siku hizi, ibandikie picha ya ubongo. Wenye kozi za kukuza kumbukumbu hufanya hivyo. Wauza vidonge vya umakini hufanya hivyo, na wakufunzi wa uongozi nao hawajabaki nyuma. Picha yenyewe tunaijua: ubongo wa kijivu uliopigwa kwa ubavuni, na mahali fulani ndani yake doa jekundu linalong'aa. Chini wameandika kuwa sayansi imethibitisha. Msomaji huishia hapo, maana nani atabishana na doa jekundu?

Mimi nitabishana nalo kidogo. Sina ugomvi na sayansi ya ubongo. Ni elimu ninayoifuatilia kwa mapenzi makubwa. Ugomvi wangu ni na namna inavyotufikia sisi tusio wataalamu. Tunapewa majina ya sehemu, tunapewa mchoro wa seli ya neva wenye mishale, kisha tunarushwa moja kwa moja hadi kwenye picha za rangi. Katikati pameachwa pengo: haya yote yalijulikanaje? Na katika elimu hii, pengine kuliko nyingine yoyote, matokeo hayatengani na kifaa kilichoyaleta. Asiyejua kifaa kilipima nini hajui ameambiwa nini, hata kama amekariri kila jina.

Tuanze na seli yenyewe. Seli ya neva, yaani nyuroni, ina mwili wenye kiini kama seli nyingi za mnyama. Ina matawi yanayopokea habari, ambayo huitwa dendraiti, na ina uzi mmoja wa kupeleka habari mbele, yaani aksoni. Uzi huo unaweza kuwa mfupi kuliko milimita moja. Ule unaoanzia sehemu ya chini ya uti wa mgongo na kushuka hadi kwenye misuli ya unyayo hukaribia mita nzima kwa mtu mrefu, na wote huo ni mali ya seli moja. Mchoro wake uko kwenye kila kitabu cha biolojia, nao ni mchoro safi mno. Usafi huo ndio unaodanganya. Haumwambii mwanafunzi kwamba ukichukua kipande cha ubongo na kukiweka chini ya hadubini bila kukitia rangi, huoni nyuroni hata moja ya kukuridhisha. Seli zimebanana, matawi yamesokotana, na kila kitu kina rangi ileile.

Aliyelipatia ufumbuzi tatizo hilo ni Mwitaliano Camillo Golgi, mwaka 1873, akiwa daktari kwenye hospitali ya wagonjwa wa muda mrefu katika mji mdogo wa Abbiategrasso, maabara yake ikiwa ni jiko lililogeuzwa matumizi. Aliloweka vipande vya ubongo kwenye dikromati ya potasiamu, akavihamishia kwenye nitrati ya fedha, na baadhi ya seli zikajaa weusi kuanzia mwilini hadi kwenye ncha ya kila tawi. Baadhi tu. Ni chache katika kila mia zinazoshika rangi, nyingine zote zinabaki hazionekani, na hadi leo hakuna maelezo kamili ya kwa nini hii ishike na jirani yake iachwe. Mtu wa haraka angesema hiyo ni kasoro. Kumbe faida yote iko hapo: zingeshika zote, kipande kizima kingekuwa bonge jeusi, na Golgi angerudi alikoanzia.

Mhispania Santiago Ramón y Cajal alionyeshwa njia hiyo mwaka 1887. Aliiboresha kwa kuloweka vipande mara mbili, kisha akafanya jambo la akili zaidi. Aliachana na ubongo wa wanyama wazima, akageukia vichanga na vifaranga ambao bado wamo ndani ya yai, kwa sababu aksoni zao hazijavishwa ile ala ya mafuta inayozuia rangi. Mwaka uliofuata akaanza kuchapisha alichokiona: aksoni zinaikaribia seli nyingine, zinaizunguka, kisha zinakoma. Haziungani nayo. Golgi, aliyetazama rangi ileile, alikuwa na yakini kwamba nyuzi zote zimeshikana kuwa wavu mmoja mkubwa. Mwaka 1906 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja, na Golgi akaitumia hotuba yake ya tuzo kuipinga nadharia ya mwenzake.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya mwerevu na mkaidi. Naona huko ni kumwonea Golgi. Mwanya ulio kati ya nyuroni mbili, pale panapoitwa sinapsi, una upana wa kama nanomita 20. Hadubini ya kawaida ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi. Kwa hiyo Cajal naye hakuuona mwanya. Aliona ncha zinazokoma, akakisia yaliyobaki, na akakisia sawasawa. Hadubini ya elektroni ndiyo iliyokuja kuthibitisha katika miaka ya 1950, wakati yeye alikwishafariki mwaka 1934. Wala ukweli haukumtupa Golgi mzimamzima, maana zipo nyuroni zinazogusana kwa vijitundu vinavyopitisha umeme moja kwa moja kutoka seli hadi seli. Si wavu aliouwaza, lakini si utengano mtupu pia. Watu wawili mahiri, rangi moja, hitimisho mbili zinazogongana, na kifaa kisicho na uwezo wa kuwaamua. Tutakutana na hali hiyo tena mbele, kwenye picha za rangi.

Kuona umbo ni jambo moja. Kujua seli inafanya nini ni jambo jingine. Johannes Müller, mwalimu aliyeheshimika kuliko wote katika fiziolojia ya Ujerumani zama zake, aliamini kwamba kasi ya habari ndani ya neva huenda isipimike kamwe. Mwanafunzi wake Hermann von Helmholtz akaipima, mwaka 1850, kwa neva na msuli wa chura. Aliishtua neva kwa umeme karibu na msuli, akapima muda uliopita hadi msuli ulipojikaza. Kisha akaishtua neva ileile mahali palipo mbali zaidi, akapima tena. Muda wa pili ulizidi wa kwanza kidogo sana. Gawa tofauti ya umbali kwa tofauti ya muda, kasi unayo: kama mita 27 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 100 kwa saa. Kinachonivutia ni ile hesabu ya kutoa. Ucheleweshaji wa kifaa, uzito wa msuli katika kujibu, vyote vimo katika vipimo vyote viwili, kwa hiyo ukitoa kimoja kwa kingine vinajifuta. Hakuhitaji kujua ndani ya neva kuna nini. Alihitaji tu kupanga jaribio ambalo ujinga wake hauliharibu.

Kilichomo ndani kilikuja kujulikana kwa msaada wa ngisi. Mnyama huyu ana aksoni nene ajabu, inayofika nusu milimita na hata kuzidi, anayoitumia kujirusha anapotoroka hatari. Mwaka 1939, katika maabara ya Plymouth huko Uingereza, Alan Hodgkin na Andrew Huxley walipenyeza elektrodi ndani ya uzi huo na kurekodi umeme wake kutokea ndani. Vita ikawakatiza. Waliporudi kazini wakaimaliza habari kwa mfululizo wa makala zilizotoka mwaka 1952, na tangu hapo hakuna kitabu cha utangulizi kinachoweza kuzikwepa.

Habari yenyewe ni hii. Seli ikiwa imetulia, ndani yake ni hasi kwa kama milivolti 70 ukilinganisha na nje. Sodiamu imejaa nje, potasiamu imejaa ndani, na pampu zilizo kwenye utando wa seli hula nishati mchana na usiku kuitunza hali hiyo. Utando ukichochewa hadi kufika kiwango fulani, milango ya sodiamu hufunguka. Sodiamu, yenye chaji chanya, huingia kwa kishindo, na ndani hugeuka kuwa chanya, hadi milivolti 40 hivi juu ya sifuri. Haijapita hata milisekunde moja, milango hiyo inajifunga, ile ya potasiamu inafunguka, potasiamu inatoka, na hali inarudi ilivyokuwa. Lakini mpaka hapo sehemu ya pili ya utando imeshachochewa, nayo inaichochea ya tatu. Hakuna chembe inayosafiri kutoka mwanzo wa uzi hadi mwisho wake. Kinachosafiri ni tukio. Na tukio hilo halina nusu: ama linatokea lote, ama halitokei. Kichocheo kikiwa kikali zaidi, mipigo haikui, inaongezeka wingi tu kwa sekunde. Kwenye aksoni zilizovishwa ala ya mafuta, tukio huruka kutoka mwanya mmoja wa ala hadi mwingine, na zile zenye kasi kubwa hufika mita 120 kwa sekunde.

Vitabu vingi huishia hapo, na wanafunzi hukariri milango na ioni (chembe zenye chaji) kama majina ya wafalme. Ila walijuaje kuwa ni sodiamu? Walitumia saketi iliyoulazimisha utando ubaki kwenye volti moja waliyoichagua, wakapima mkondo uliohitajika kuushikilia hapo. Kisha wakaondoa sodiamu kwenye maji ya chumvi yaliyoizunguka aksoni, wakaweka kemikali nyingine badala yake, na ule mkondo wa mwanzo wa kuingia ukapotea. Waliandika milinganyo, na Huxley akaitatua kwa mashine ya hesabu ya kuzungushwa kwa mkono, maana kompyuta ya Cambridge ilikuwa imefungwa kwa matengenezo. Milinganyo ikatabiri kwamba mpigo ungesafiri kwenye aksoni ya ngisi kwa mita 18.8 kwa sekunde. Kipimo halisi kilikuwa 21.2. Na wakati huo hakuna aliyekuwa amewahi kuupima mlango mmoja wa ioni. Erwin Neher na Bert Sakmann ndio waliorekodi mkondo wa mlango mmoja mmoja, mwaka 1976.

Nikitaka kumwonyesha mtu sayansi ya neva ilivyo inapokuwa kwenye ubora wake, humwonyesha namba hizo mbili. Nadharia imetoa tarakimu kabla ya kuulizwa, na tarakimu hiyo ingeweza kuiaibisha.

Kutoka seli hadi seli kuna habari nyingine, nayo ni ya kemikali. Otto Loewi aliionyesha mwaka 1921 kwa mioyo miwili ya vyura: aliisisimua neva ya vagasi kwenye moyo wa kwanza hadi ukapunguza mapigo, akachukua majimaji yaliyouzunguka akayatia kwenye moyo wa pili, usioguswa neva yoyote, nao ukapunguza mapigo. Kitu kilikuwa kimetoka kwenye ncha za neva kikaingia kwenye majimaji. Leo tunakiita asetilikolini, na orodha ya vipitishi vya namna hiyo imekuwa ndefu.

Sasa nigeukie namba ambayo bila shaka umeikuta mahali: kwamba ubongo wa binadamu una nyuroni bilioni 100, na seli saidizi mara kumi ya hizo. Kwa miongo mingi ilichapishwa kwenye vitabu vya vyuo vikuu na kunukuliwa na maprofesa. Suzana Herculano-Houzel, mtafiti wa Rio de Janeiro, alitaka kujua nani alizihesabu, na hakupata makala yoyote iliyozihesabu. Namba ilikuwa imenukuliwa hadi ikawa kweli. Yeye na Roberto Lent wakabuni njia ambayo ukiisikia mara ya kwanza unaweza kukasirika: unausaga ubongo na kuuyeyusha kwa sabuni ya maabara mpaka unakuwa mchuzi. Utando wa seli unayeyuka, viini vinabaki. Kwa kuwa kila seli ina kiini kimoja, unakoroga mchuzi uwe sawasawa, unachota tone, unahesabu viini chini ya hadubini, halafu unazidisha. Kingamwili inayoshika viini vya nyuroni pekee inakuambia vingapi ni vya nyuroni na vingapi ni vya seli nyingine.

Matokeo ya mwaka 2009, kutoka bongo nne za wanaume: nyuroni bilioni 86 kwa wastani, na seli zisizo nyuroni karibu idadi hiyohiyo, si mara kumi. Ajabu zaidi, bilioni 69 kati ya hizo ziko kwenye serebelamu, ule ubongo mdogo wa nyuma ambao ni kama sehemu ya kumi tu ya uzito wote. Koteksi, lile tabaka la juu la ubongo tunalolisifia kwa lugha na mipango na hekima, ina bilioni 16. Bila shaka mchuzi una upofu wake. Huwezi kuuliza seli ilikuwa imekaa wapi au ina umbo gani, na bongo nne ni nne. Lakini upofu huo umeandikwa waziwazi kwenye makala yenyewe. Ile bilioni 100 haikuwa na upofu wa kueleza kwa sababu haikuwa na njia.

Kwa karne nzima na zaidi, njia kuu ya kujua sehemu gani ya ubongo hufanya nini ilikuwa kungoja ajali na maradhi. Phineas Gage, yule ambaye fimbo ya chuma ilimpenya kichwani mwaka 1848, anajulikana kila kona, na nitampita, maana yaliyoandikwa juu yake ni mengi kuliko yaliyorekodiwa. Mwenye somo zito zaidi ni Henry Molaison, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji mwaka 1953 kutibu kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, eneo lililo ndani ya ubongo, pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya za matukio. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Siku baada ya siku Molaison aliichora vizuri zaidi, na kila siku alidai hajawahi kuifanya. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba kumbukumbu si ghala moja: mkono unaweza kujifunza jambo ambalo mwenye mkono hana habari nalo. Mtu mmoja aliweza kufundisha kiasi hicho kwa sababu Milner alilipanga swali lake vizuri. Hata hivyo jeraha husema tu kwamba kazi fulani haifanyiki bila sehemu fulani. Halisemi kwamba kazi hiyo inakaa humo.

Haya, turudi kwenye doa jekundu.

Mtu amelala ndani ya mashine ya MRI yenye sumaku kali. Mashine haipimi umeme wa nyuroni, wala haipimi kemikali za sinapsi. Inapima damu. Nyuroni za eneo fulani zikifanya kazi zaidi, mwili huleta hapo damu yenye oksijeni nyingi kuliko inayotumika, na himoglobini iliyobeba oksijeni haifanani kisumaku na isiyobeba. Seiji Ogawa alionyesha mwaka 1990 kwamba tofauti hiyo inaweza kupigwa picha. Ni ugunduzi mkubwa, na sipunguzi chochote katika sifa yake. Ila tazama vipimo. Mpigo wa nyuroni huchukua milisekunde moja au mbili; mwitikio wa damu hufika kileleni baada ya sekunde kama tano. Kijisanduku kimoja cha picha, chenye upana wa milimita tatu kila upande, kina nyuroni laki kadhaa, nyingine zikichochea, nyingine zikizuia, na damu huwaendea wote. Ni kama kutaka kujua watu wa mji mzima wanazungumza nini kwa kusoma mita ya maji ya mji.

Na rangi je? Hapa ndipo wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Hakuna kitu chekundu ndani ya ubongo. Mtafiti analinganisha hali mbili, tuseme kutazama nyuso na kutazama nyumba, kwa kila kijisanduku kati ya makumi ya maelfu. Palipo na tofauti inayovuka kiwango cha takwimu alichokiweka, kompyuta inapaka rangi. Palipobaki kijivu pia panafanya kazi. Ubongo wote uko macho muda wote, na ndiyo maana kiungo hiki chenye asilimia 2 ya uzito wa mwili hula kama asilimia 20 ya nishati yake hata ukiwa umekaa tu. (Wale wanaosema tunatumia asilimia 10 ya ubongo wangeulizwa tu nani analipia hiyo nishati nyingine.) Doa jekundu, kwa hiyo, ni hitimisho la takwimu lililovaa sura ya picha.

Hitimisho la takwimu linaweza kukosewa. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake waliweka samaki aina ya salmoni ndani ya mashine, wakamwonyesha picha za watu, na kumtaka atambue hisia zao. Samaki alikuwa amekufa. Walipochambua data bila kusahihisha kwa ajili ya wingi wa majaribio ya takwimu, vijisanduku kadhaa vya ubongo wake vikawaka. Waliposahihisha, vikazimika. Watu walicheka, na walipaswa kucheka, lakini Anders Eklund na wenzake walipokagua mwaka 2016 programu tatu zinazotumika sana kwa uchambuzi huo, waligundua kwamba katika baadhi ya mipangilio, matokeo ya uwongo yaliyotarajiwa kuwa asilimia 5 yalifika hadi asilimia 70. Mwaka 2020 timu 70 za wataalamu zilipewa data ileile ya watu 108 na dhana tisa za kupima. Hakuna timu mbili zilizofuata njia ileile ya uchambuzi, na kwenye baadhi ya dhana majibu yalitofautiana sana. Watu wengi mahiri, data moja, hitimisho zinazogongana. Miaka miwili baadaye uchambuzi mkubwa wa Scott Marek na wenzake ukaonyesha kwamba tafiti zinazotaka kuunganisha tabia za watu na tofauti za bongo zao zinahitaji maelfu ya washiriki, ilhali kwa kawaida zimekuwa zikitumia makumi tu.

Yote hayo yamefichuliwa na watu wa fani yenyewe, tena hadharani, na ni fani chache zenye ujasiri huo. Picha hizi zina kazi zake za uhakika: madaktari wa upasuaji huzitumia kukadiria sehemu za lugha na mwendo kabla hawajakata. Sitaki msomaji atoke hapa akidhani MRI ni ramli. Tatizo huanza pale picha inapogeuzwa kichwa chini. Utafiti unasema: tulipowaogopesha watu, amigdala (eneo dogo ndani ya ubongo) iliitikia. Tangazo linasema: amigdala yako imeitikia, kwa hiyo unaogopa. La kwanza ni kipimo. La pili halifuati, kwa sababu amigdala huitikia pia vitu vipya, vya kufurahisha na vya kuvutia. Kosa hilo moja likiondolewa, sehemu kubwa ya makala za ubongo na uongozi, ubongo na mapenzi, ubongo na mauzo, hazina kilichobaki.

Nimewahi kujibiwa kwamba msomaji wa kawaida hawezi kujua mambo ya takwimu na sumaku, hivyo awaachie wataalamu. Lakini mambo anayohitaji si mengi kiasi hicho. Anahitaji kujua kwamba EEG, yaani kurekodi umeme wa ubongo kwa elektrodi zilizowekwa juu ya kichwa, aliyoianzisha Hans Berger kwa binadamu mwaka 1924, hunasa mabadiliko ya milisekunde lakini haijui vizuri yanatoka wapi. Kwamba MRI inajua mahali lakini imechelewa. Kwamba zote mbili hutazama tu bila kugusa. Anayetaka kudai sababu lazima aguse. Tangu mwaka 2007, kwa mfano, watafiti wameweza kutia kwenye nyuroni za panya protini ya mwani inayoitikia mwanga, kisha kuziwasha kwa mwanga wa buluu na kuona tabia ya mnyama ikibadilika. Hapo neno "husababisha" lina haki ya kutumika, ingawa ni kwa panya. Mtu anayeweza kulinganisha mikopo miwili kabla ya kusaini ana akili ya kutosha kwa haya.

Kuna kishawishi kipya kinachokuja kwa kasi, nacho ni ramani. Mwaka 2024 ilichapishwa ramani ya miunganisho yote ya ubongo wa nzi wa matunda mzima: nyuroni 139,255 na sinapsi karibu milioni 50. Mwaka huohuo kikaja kipande cha koteksi ya binadamu cha milimita moja ya ujazo: seli zipatazo 57,000, sinapsi kama milioni 150, na data ya petabaiti 1.4. Ni kazi za kustaajabisha, na tayari wapo wanaoahidi kwamba tukimaliza kuchora tutakuwa tumeelewa. Wangeanza na mnyoo. C. elegans ana nyuroni 302, na ramani ya miunganisho yake imekuwepo tangu 1986. Ramani hiyo imewasaidia watafiti kujua waguse nyuroni gani na kwa nini. Haikuwaambia sinapsi ipi inachochea na ipi inazuia, wala haikuonyesha kemikali zinazosambaa nje ya sinapsi na kubadilisha nguvu za miunganisho kulingana na njaa au shibe ya mnyama, kwa sababu ilichorwa kutokana na vipande vya mnyoo aliyekufa. Ndiyo maana hadi sasa maabara zinaendelea kumrekodi mnyoo huyohuyo akiwa hai, nyuroni kwa nyuroni, ili kujua atageukia upande gani.